Kibuyu cha Mchumba

"Kitendawili!"

"Tega, Tantine."

"Mgeni wangu, nikimwachia upenyo wa kidole, analeta ukoo wake mzima."

Kavira alikuwa amekaa mkekani, kichwa katikati ya magoti ya Tantine Emérance, dada wa baba yake, ambaye alikuwa anamalizia kumsuka. Ilikuwa Jumamosi kwenye nyumba ya ukoo pale Bwera, upande wa Uganda, soko la Ijumaa limeshapita, na barabara ya mpakani ilikuwa imepumua kidogo. Saa nane mchana Nzanzu na watu wake wangeshuka kutoka Bugoye kuja kuposa.

"Mafuriko," Kavira akabahatisha.

"Hapana."

"Panya."

"Panya ana ukoo, lakini hapana. Nipe mji."

"Nakupa Butembo."

"Butembo sitaki, nimezaliwa kule. Nipe Kasese, tena pale karibu na stendi, nile chipsi mpaka nishindwe kupita mlangoni."

Wakacheka wote wawili. Tantine alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, mwenye vishimo mashavuni, na vitendawili vilimtoka hata akiwa anachambua maharage. Lakini kabla hajatoa jibu, sauti nzito ikagonga dirishani.

"Emérance! Ile kasiksi ya wageni munaiweka wapi? Isikae jua!"

Huyo alikuwa Sosthène, baba yake Kavira, mnunuzi wa kahawa kutoka Butembo, Kongo, aliyevuka mpaka jana yake akiwa na koti lake la kijivu na viatu vilivyong'aa kama kioo.

"Iko ndani, Papa," akajibu. "Nimeipanga mwenyewe."

Na kweli alikuwa ameipanga. Tena kuliko baba yake alivyofikiri.

Katika ukoo wa Sosthène, posa haisimami kwa maneno. Inasimama kwa kibuyu. Mwanaume anatanguliza, siku moja kabla, pombe ya ndizi, ile ambayo Butembo wanaiita kasiksi na upande huu wa mpaka wanaiita tonto, madumu mawili au matatu ya kunywa watu, na kidogo kinatiwa kwenye kibuyu chembamba chenye mrija. Mchumba anaonja kwanza, kuonyesha kuwa anachokiingiza katika nyumba ya watu hakina madhara. Kisha anampa binti. Binti anampelekea baba yake. Baba akinywa na kumpa dada yake, na dada akapokea, neno limekwisha. Lakini mchumba asipoonja, wageni wanabeba madumu yao na kurudi walikotoka, na hawarudi tena. Sosthène alikuwa amewahi kurudisha watu namna hiyo, kwa dada mkubwa wa Kavira, tena bila kuwapa hata maji.

Na Nzanzu hakuwa mtu wa kuonja. Alikuwa na miezi kumi na mmoja na siku nne bila tone.

Ndiyo maana asubuhi ile, Tantine alipokuwa anaoga, Kavira alikimwaga kile kibuyu nyuma ya choo, akakisuuza mara tatu, akakijaza maji matamu ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi ileile na jirani, yasiyokuwa na hata chembe ya ukali. Juu akanyunyiza unga wa mtama uliokaangwa, ule unaoelea juu ya tonto, ili rangi ifanane. Mikono yake iliijua kazi hiyo.

* * *

Alimpenda Nzanzu siku lori la kahawa alilokuwa akiliendesha lilipotoboka gurudumu Kinyamaseke, mbele ya kibanda chake cha vitenge. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, grisi mpaka viwikoni, akaja kuomba kitambaa kibovu cha kujifutia. Kavira akamwambia pale hakuna kitambaa kibovu. Nzanzu akamtazama, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akanunua kitenge kizima cha bluu chenye ndege wa njano.

"Utajifutia kitenge kipya?"

"Nikikigusa na mikono hii? Hapana, mama. Nitashona shati. Siku nikirudi unione nimevaa, ujue sikuwa nakudanganya."

Alirudi amelivaa. Na kwa mwaka mzima Kavira aliona dunia yote imevaa bluu na njano.

Halafu likaja lile jingine, pombe. Kwanza Jumamosi tu, kisha Jumamosi na Jumatatu, kisha asubuhi kabla ya chai. Kavira akaanza kufunika. Alimpigia simu mwenye lori: "Bosi, Nzanzu ana malaria." Mwaka ule Nzanzu aliugua malaria mara nane, mpaka bosi akauliza, "Huyu kijana analala na mbu gani?" Alificha chupa za waragi, ile pombe kali, ndani ya marobota ya vitenge. Aliwalipa wenye baa, akafua, akanyamaza, akasali. Moyoni alijisemea: nikimpenda vya kutosha, ataacha. Na kila alipoanguka tena, Kavira alijilaumu kuwa hajapenda vya kutosha.

Siku alipoanguka katikati ya kibanda, mchana kweupe, juu ya vitenge vya watu, wateja wakicheka, Kavira hakulia. Alikunja kitambaa kimoja kimoja. Kisha akasema, "Nenda. Nimechoka kukushona mahali pasiposhoneka."

Akaenda. Kwa wiki tatu hakusikika. Ndipo Kavira akapigiwa simu kutoka hospitali moja ya Kasese, na muuguzi aliyeitwa Naome.

"Dada, Nzanzu yuko hapa kwetu. Ametetemeka siku nne, sasa anakula. Ameomba nisikuite. Mimi nakuita."

Naome alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu asiyekuwa na haraka. Kavira alipofika, alimketisha kwenye benchi, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mama yako ana kisukari?"

"Shangazi yangu anacho."

"Ulishawahi kumwambia akaze moyo, sukari ishuke?"

"Atanipiga na mwiko."

"Sasa mbona huyu unamwambia akaze moyo?" Naome akatabasamu. "Sikiliza. Wewe ukinywa chupa moja, ni chupa moja. Yeye akinywa moja, kuna kitu kichwani mwake kinaamka na hakilali tena mpaka aanguke. Si kwamba hakupendi. Si uchawi, si ukoo mbaya. Ni ugonjwa. Hakuuomba. Lakini kuutibu ni kazi yake, si yako."

"Basi mimi nifanye nini?"

"Acha kumfunika. Kila malaria uliyomtungia, ulimpa siku moja zaidi ya kunywa."

Maneno hayo yalimchoma Kavira mpaka akakasirika, akaondoka bila kuaga. Alifika mpaka barabarani. Alirudi. Tangu hapo kila Alhamisi alipanda gari kwenda Kasese kukaa katika kikao cha watu wa nyumbani kwa wagonjwa wa pombe, wake na akina mama na baba mmoja mzee aliyekuwa analilia mwanawe, na akajifunza kusema mambo kwa majina yake.

Lakini kujifunza jambo Kasese ni kitu kimoja. Kulifanya Bwera, baba yako akiwa amekaa mbele yako na koti la kijivu, ni kitu kingine.

* * *

Wageni walifika saa nane na robo. Wa kwanza kuingia alikuwa mjomba wa Nzanzu, Hardy, mwanajeshi mstaafu aliyetembea kana kwamba bado anakagua gwaride, akiwa amebeba begani mfuko wa kilo tano za kahawa.

"Wenyewe wa nyumba! Tumekuja kwa amani! Silaha tumeziacha Bugoye!"

"Afande, karibu," akacheka Tantine. "Hata ungekuja nazo, hapa kuna mikuki ya macho tu."

Nzanzu akaingia wa mwisho. Amevaa shati la bluu lenye ndege wa njano. Rangi imefifia mabegani, kola imegeuzwa ikashonwa upya. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja akiwa ameinama, na alipofika kwa Kavira, macho yao yakakutana kwa muda ambao ungemtosha mtu kusema jina lake mara moja tu. Kavira alihisi joto likimpanda shingoni mpaka kwenye nywele mpya.

Mazungumzo yalianza kama yanavyoanza siku zote. Hardy alisema wameona ua kwenye bustani hii. Tantine akauliza ua gani, maana hapa kuna maua na kuna magugu, na yeye mwenyewe ni mojawapo. Watu wakacheka. Sosthène hakucheka. Alikuwa anamtazama Nzanzu jinsi anavyotazama gunia la kahawa lisilofunguliwa.

"Kijana," akasema, "wewe ndiyo unaendesha malori?"

"Niliendesha, Papa. Sasa nalima kahawa. Shamba la marehemu baba, kule Bugoye."

"Juu ya nini uliacha malori?"

Nzanzu akafungua mdomo, lakini Hardy akamkata kwa sauti ya amri.

"Hayo baadaye! Kibuyu kwanza! Leta!"

Kavira akasimama. Akakileta kibuyu kwa mikono miwili, akapiga goti, akakiweka mikononi mwa mwanaume wake. Alipoinua uso alimpa jicho, jicho refu lililosema yote: kunywa, mpenzi wangu, ni salama, nimekutengenezea, meza mara moja tu halafu tuwe mke na mume.

Nzanzu akainamisha uso juu ya mrija. Pua yake, iliyojua pombe kuliko pua yoyote katika chumba kile, ikanusa. Kavira akaona alivyoelewa. Akaona mabega yake yanashuka kwa nafuu, na midomo ikiukaribia mrija.

Kisha ikasimama.

Alikaa hivyo, amekishika kibuyu, mpaka nje mbuzi akasikika akikohoa.

"Kijana," akanong'ona Hardy. "Onja. Moja tu haiui mutu."

Nzanzu akakiweka kibuyu chini, polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Papa Sosthène, sitaonja."

Tantine akashika kidevu.

"Umesema?" Sosthène akauliza.

"Sitaonja. Umeniuliza juu ya nini niliacha malori. Sikuacha, nilifukuzwa. Mimi ni mgonjwa wa pombe, Papa. Nimelala hospitali Kasese kwa ajili yake. Leo nina miezi kumi na mmoja na siku nne."

Hardy akajifunika uso kwa kofia. Sosthène akaegemea mbele, mikono juu ya fimbo yake.

"Kama umeacha, unaogopa nini? Mwanaume mwenye kujitawala anaonja, anaweka chini, maneno inaisha. Mimi nakunywa bilauri moja kila Jumapili tangu nikiwa kijana."

"Wewe unaweza, Papa. Mimi siwezi." Sauti ya Nzanzu haikuwa ya kuomba. Ilikuwa imenyooka kama mtu anayetaja kijiji chake. "Miaka tisa nilifikiri na mimi naweza. Nilisema kesho nitakunywa moja. Hakuna siku nilikunywa moja. Hii ndiyo tofauti yako na yangu, na siku nilipoielewa ndiyo siku nilianza kupona. Kibuyu hiki mchumba anaonja kuonyesha kwamba analoleta halina madhara. Kwangu lina madhara. Nikionja mbele yako, nitakuwa nimekudanganya siku ya kwanza kabisa."

"Unakuja kwangu kuomba binti na unanitangazia uzaifu?"

"Nakutangazia ninachokijua."

Kavira alikuwa bado amepiga goti. Alimtazama mwanaume yule, na kitu kikapanda kifuani mwake ambacho hakuwa amewahi kukisikia juu ya Nzanzu, hata siku za vitenge na lori. Alikuwa amempenda. Alikuwa amemhurumia. Alikuwa amemwogopea. Leo alimwonea fahari. Alitamani mlango ungekuwa wazi, Bwera nzima na soko lake lote waje wamuone aliyevaa shati lile.

Na palepale akaona aibu yake mwenyewe imekaa sakafuni, nyembamba, yenye mrija.

Baba yake alikuwa ameanza kuinuka. "Basi. Muchukue madumu yenu. Sisi batu ya—"

"Papa, ngoja." Kavira akasimama. "Ndani ya hicho kibuyu hakuna pombe."

"Nini?"

"Ni maji ya ndizi. Nilimwaga pombe nikaweka maji ya ndizi, nikatia unga juu ili usijue. Nzanzu hakunituma. Alinusa, akajua. Angeweza kunywa, na wewe ungempa mkono, na hakuna ambaye angejua. Amekataa."

Sosthène akakinyanyua kibuyu, akanyonya, akatema utamu. Uso ukamgeuka rangi.

"Mutoto yangu! Unanifanya mujinga mbele ya wageni? Ndani ya kibuyu ya babu yako?"

"Ndiyo, Papa. Nimezoea." Shingo yake haikuinama. "Nilimdanganyia bosi wake malaria nane. Nilidanganya padri. Nilifikiri kumfunika ndiyo kumpenda. Na kufunika sikujifunza kwake, nilijifunza hapa nyumbani."

"Kavira," akasema Tantine chini chini.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ulinisimamisha mlangoni pa kanisa, Papa, ukaniambia kila atakayeuliza nimwambie kaka yangu Achille amelishwa sumu. Watu mia wakaniuliza. Mia wote nikawaambia sumu. Na mimi ndiye niliyemkuta asubuhi, na mkononi mwake kulikuwa na chupa ya pombe."

Jina la Achille halikuwa limetamkwa mbele ya Sosthène kwa miaka kumi na miwili. Mzee akamtazama binti yake, kisha akautazama mlango. Akatoka bila fimbo.

* * *

Wakangoja. Hardy alivua kofia, akaivaa, akaivua. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo isiyokuwa ya kijeshi, "Mimi nilimwambia moja tu haiui. Nzanzu, mwanangu, mimi nilikuambia."

"Hukujua, mjomba."

Kavira akaenda jikoni, na baada ya kitambo Nzanzu akamfuata, akasimama mlangoni pasipo kuvuka kizingiti, kwa heshima ya nyumba.

"Umekasirika?" Kavira akauliza bila kugeuka.

"Nilitaka kunywa. Yale maji ya ndizi. Nilikuona umepiga goti, nikasema Mungu wangu, ni maji tu."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ningekunywa na jicho lako likinificha. Kesho ungenificha kwa kingine. Kavira, mimi nataka unione. Hata nikiwa vibaya, unione."

Akageuka. Machozi yalikuwa yamekatiza njia mbili kwenye poda. "Nakuona," akasema. "Unajua ninachoona? Naona mwanaume mmoja tu aliyeingia nyumba ya Papa na hakumwogopa. Ukiacha wale waliorudishwa, wanaume wote wa dada yangu walikunywa. Na hakuna aliyesema ukweli hata wa jina la kijiji chao."

"Kwa hiyo unanitaka, hata bila kibuyu?"

"Nzanzu. Ningekuwa sikutaki, ningehangaika na unga wa mtama asubuhi yote?"

Akacheka, ule upande mmoja wa mdomo, na Kavira akatamani kuvuka kile kizingiti yeye mwenyewe. Lakini nyuma ya Nzanzu kukawa na hatua za viatu vilivyong'aa, ambavyo sasa vilikuwa na vumbi.

Sosthène alikuwa na macho mekundu. Alimpita Nzanzu, akasimama katikati ya jikoni la wanawake, mahali ambapo Tantine aliapa baadaye hajawahi kumuona tangu wakiwa watoto.

"Achille hakulishwa sumu," akasema, kama anayejibu swali aliloulizwa sasa hivi. "Nilimfunga ndani. Nilimupiga. Nilimwambia awe mwanaume. Hakuna mutu aliniambia ni ugonjwa. Ule mutu alikuambia hiyo kule Kasese, anaitwa nani?"

"Naome, Papa. Ni muuguzi," akasema Kavira.

"Angekuwa wapi wakati ule."

Tantine, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akamwekea mkono mgongoni, na Sosthène akaacha mkono ukae.

Baadaye mzee akajikohoza. "Ule mufuko Afande alibeba. Ni kahawa ya nani?"

"Yangu, Papa," akasema Nzanzu. "Mavuno ya kwanza tangu nitoke hospitali. Miti ilikuwa imemezwa na majani, nilifikiri imekufa."

Mfuko ukaletwa, Sosthène akaingiza mkono ndani, akatoa punje, akazimenya ganda kwa kucha, akanusa, akaweka moja kati ya meno na kuing'ata, kama alivyozing'ata punje za watu miaka arobaini. Uso wake haukusema kitu.

"Ulianika wapi?"

"Juu ya kichanja cha waya. Si chini."

"Uligeuza mara ngapi?"

"Mara sita kwa siku. Nilikuwa na nafasi, Papa. Mtu aliyeacha kunywa ana saa nyingi sana mchana."

Kitu kilitikisika kwenye mdomo wa mzee. "Kaanga," akasema. "Wewe, kwa mukono yako. Kama umeleta kitu isiyo na mazara ndani ya nyumba yangu, onja hiyo."

"Mwanaume jikoni kwangu!" Tantine akapiga makofi. "Afande, njoo uone mambo!"

Hardy akaja mbio kama aliyeitwa vitani. Nzanzu akapanga punje kwenye kikaango, akakunja mikono ya shati la ndege wa njano, akakaa kwenye kigoda kifupi, magoti yakimfikia masikioni. Wote wakamsimamia. Tantine alisema moto mwingi, Hardy akasema moto mdogo, Kavira akawaambia wote wawili wanyamaze. Harufu ikapanda, ikajaza nyumba, ikatoka dirishani. Nzanzu alimtazama Kavira mara moja zaidi ya ilivyotakiwa, na punje za upande mmoja zikaungua.

Zikatwangwa, zikapikwa, na Sosthène akarudi kwenye kiti chake. Tantine akaleta kikombe kimoja cha bati, kile chenye maua, akakiosha mbele ya wote ili kila mtu aone kuwa ni kitupu. Nzanzu akapuliza, akanywa funda la kwanza, akameza waziwazi. Kisha akampa Kavira.

Kavira hakupiga goti. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, kinamchoma vidole, akatembea zile hatua nane kutoka jikoni mpaka kwenye kiti cha baba yake akiwa amenyoosha shingo na nywele zake mpya, kama anayebeba kitu ambacho mtaa wote ulipaswa kukiona. Hakukuwa na kitu chochote ndani yake ambacho hakijulikani.

"Papa. Ni kahawa. Ni ya Nzanzu, ni kahawa tu."

Sosthène akapokea. Akanusa. Akanywa kwa ule mluzi wa wanunuzi wa kahawa, akaizungusha mdomoni, akafumba macho.

"Umeunguza," akasema.

Kavira akamtazama Nzanzu.

"Upande moja," akaendelea mzee. "Kahawa ni nzuri. Mupishi alikuwa anaangalia kitu ingine." Akanywa tena, funda kubwa. Kisha akamgeukia Nzanzu. "Mutu anaharibu kahawa kama hii ni mwizi. Kabla nivuke mpaka kesho, nitakufundisha kukaanga. Nitakuja na Bugoye kuona ile miti. Na siku utaanguka—"

"Papa!" akasema Kavira.

"Wacha niseme. Siku utaanguka, kama utaanguka, unanipigia simu mimi. Si yeye. Yeye atanidanganya ni malaria."

Hardy akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Sosthène akanyoosha mkono wenye kikombe kuelekea upande wa dada yake.

"Emérance. Pokea."

Tantine hakupokea mara moja. Alikiacha kikombe hewani, vishimo vyote viwili vimemtokea mashavuni.

"Kavira, asubuhi hukunipa jibu. Mgeni wangu, nikimwachia upenyo wa kidole, analeta ukoo wake mzima."

"Pombe, Tantine," akasema Kavira bila kufikiri.

"Mimi jibu langu lilikuwa siafu." Mwanamke yule akamtazama Nzanzu, kisha kibuyu kilicholala pembeni ya ukuta, kisha kaka yake. "Lakini kuanzia leo, kwenye nyumba hii, jibu ni lako."

Akapokea kikombe, akanywa mpaka mashapo.